Kibuyu cha Maziwa na Krismasi ya Bomet

Mtu asafiriye kutoka Nairobi katika juma la mwisho kabla ya Krismasi, akateremka Mai Mahiu, akaipita Narok na mashamba yake ya ngano, akavuka mto Amala penye mji wa Mulot, huiona nchi ikibadilika rangi mbele yake, ya manjano ikififia kidogo kidogo na ya kijani ikitamalaki. Na huko ndiko Bomet, nchi ya Wakipsigis, ambako vilima vya juu vimevikwa chai na nyanda za chini, upande wa Chepalungu na Chebunyo, ni malisho ya ng'ombe na mbuzi. Basi analosafiria limejaa watu na mizigo: magunia madogo ya mchele, madebe ya mafuta ya kupikia, viatu vya watoto vilivyofungwa pamoja kwa kamba zake, mablanketi ya wazee, na nauli, ambayo mwezi mmoja nyuma ilikuwa ya kadiri, imepanda pasipo mtu kushangaa, maana kila abiria amekwisha azimia moyoni kwamba mwaka hauishi kwake mpaka ameketi jikoni mwa mama yake.

Mimi nimezaliwa katika vilima hivyo, na safari hiyo nimeifanya mara nyingi, kwa hiyo namwomba msomaji aniwie radhi nimweleze jambo ambalo mgeni hupitwa nalo kwa urahisi. Akikaribishwa Krismasi katika Bomet ataona mbuzi akichinjwa, ataona chapati zikipangwa moja juu ya nyingine ndani ya sufuria iliyofunikwa kitambaa, ataona wali na viazi na kabeji, na chai ya maziwa isiyokatika tangu alfajiri mpaka usiku. Naye atarudi kwao aseme kwamba amekula sikukuu kama iliwavyo kila mahali katika Kenya, wala hatakuwa amesema uongo. Lakini karamu ile ilianza majuma matatu kabla yeye hajafunga safari, asubuhi ambayo mwanamke mmoja mzee alichukua panga, akatoka nje ya ua, akaenda kukata tawi la senetwet.

Senetwet ni kichaka kirefu kuliko mtu, chenye maua ya manjano yaliyopangika katika mkia uliosimama wima, na juu ya maua hayo yapo matumba meusi ambayo hayajachanua bado. Wataalamu wa mimea hukiita Senna didymobotrya, na ukiyafikicha majani yake mkononi harufu hukaa vidoleni siku nzima. Tawi lake hukaushwa, kisha ncha yake hutiwa motoni mpaka ikawa kaa jekundu. Hapo ndipo nyanya yangu, ambaye kwa lugha yetu twamwita gogo, alipokuwa akikibana kibuyu baina ya magoti yake, kibuyu ambacho sisi hukiita sotet, akaipitisha ile ncha yenye moto shingoni mwake, akaisugua na kuisaga ndani kwa mzunguko wa taratibu, huku moshi mwembamba ukipanda kutoka kinywani mwa kibuyu na kumfanya afumbe jicho moja. Hulitoa tawi akalirudisha motoni, akalitia tena, mpaka kuta zote za ndani zimepakwa unga mweusi laini kama wanja. Kazi yangu mimi, mtoto, ilikuwa kuchochea moto. Siku moja nikachoka, nikamwuliza mbona hatosheki, ilhali kibuyu kilikuwa cheusi tangu mara ya kwanza. Akanijibu, “Mjukuu wangu, jicho limesema tayari, lakini pua haijasema.” Akainusa shingo ya kibuyu, akalirudisha tawi motoni.

Kisha huja zamu ya maziwa. Huchemshwa, yakaachwa yapoe kabisa, yakamiminwa ndani ya kibuyu, na kibuyu kikafungwa kwa kifuniko chake na kuwekwa mahali penye baridi na giza, pasipofikiwa na mikono ya watoto. Siku tano hivi zatosha kupata maziwa ya kunyweka, ambayo sisi huyaita mursik. Lakini ile ya Krismasi haikunywewa ya siku tano. Hukaa hata maziwa yakaganda na kuwa mazito, ukali wake ukalainika, na ule unga wa mkaa ukayapa rangi ya kijivu ielekeayo buluu, na harufu ambayo kila nyumba ina yake, kiasi kwamba mtu aliyekaa ghaibu miaka kumi akifumba macho na kunywa funda moja aweza kukuambia kama yanatoka kwa mama yake au kwa jirani. Wataalamu wa vyakula husema kwamba kinachoyagandisha maziwa hayo ni vijidudu vyema vya asidi, vile vile vifanyavyo mtindi mahali pengi duniani, na kwamba mkaa huziba vinyweleo vya kibuyu. Gogo hakusoma vitabu vya vijidudu. Lakini alijua kwamba kibuyu kipya hakifai kwa sikukuu, na kwamba kile kilichotumika miaka mingi hukumbuka kazi yake.

Wala kibuyu chenyewe si kitu cha kupatikana kwa siku moja. Mmea wake hutambaa juu ya ua; tunda likikomaa hukaushwa, hutobolewa, hujazwa maji siku nyingi mpaka nyama ya ndani imeoza na uchungu umekwisha, ndipo hukwanguliwa kwa sosiot, yaani ufito wa mkindu uliopondwa ncha ukawa na nyuzi nyuzi kama burashi. Kikipasuka, hushonwa. Nimeona vibuyu vyenye mishono mingi kama nguo ya maskini, na mwenyewe akavitunza kuliko vile vizima.

Nasema haya kwa urefu kwa sababu naamini kwamba hapa ndipo ilipo siri ya Krismasi ya kwetu. Tarehe ya sikukuu hiyo imesafiri mbali kabla ya kutufikia: kumbukumbu ya kwanza ijulikanayo ya Wakristo kuiadhimisha siku ya 25 Disemba ni ya mji wa Roma, mwaka 336, naye Vasco da Gama, alipopita ufuko wa kusini mwa Afrika katika siku za Krismasi za mwaka 1497, aliuita Natal, neno la Kireno lenye maana ya kuzaliwa Bwana, miezi michache kabla hajatia nanga Malindi. Bara ilingoja sana. Kwetu habari hiyo iliingia katika karne ya ishirini pamoja na wamisionari, ambao mwaka 1937 walianzisha kazi ya uganga mahali paitwapo Tenwek, karibu na maporomoko ya mto Nyangores. Pakawa na zahanati tu kwa zaidi ya miaka ishirini, hata mwaka 1959 alipofika daktari wa kwanza, Ernest Steury, na leo ni hospitali kubwa ambayo tangu 1987 hupata umeme wake kutokana na maporomoko yale yale. Wakatoliki nao walijenga misheni yao, na hospitali yao iko Kaplong, upande wa Sotik. Wao huiita sikukuu hii Noeli, na hukesha kanisani usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Basi kabla ya hayo karamu ya Wakipsigis ilikuwa na vinywaji viwili: maziwa, na pombe ya wimbi ambayo wazee waliinywa kwa mirija mirefu kutoka katika chungu kimoja, wameketi duara kwa mpango wa umri. Kanisa lililotokana na kazi ya Tenwek, Africa Gospel Church, liliikataza pombe kwa waumini wake, na makanisa mengine ya kiinjili yalifanya vivyo hivyo. Hapo palikuwa na hatari kubwa ambayo watu hawaitaji sana: maana jamaa wakiondolewa kinywaji cha kukutania, huondolewa pia sababu ya kukutana. Lakini maziwa yalikuwapo, hayana lawama kwa mchungaji wala kwa mzee wa kimila, nayo yakakitwaa kiti kilichoachwa wazi. Kwa hiyo, ijapokuwa Krismasi ni mgeni wa jana katika nchi hiyo, ilipoingia ndani ilikuta kibuyu kimekwisha kaa mezani.

Tena ilikuta zaidi ya kibuyu. Wakipsigis wa zamani walimwabudu Mungu kwa jina la Asis, na walikuwa na mahali pa mkutano juu ya vilima palipoitwa kapkoros, ambapo watu wa mtaa mzima walikusanyika kutoa sadaka na shukrani. Na mbele ya kila nyumba palikuwa na mabwaita, madhabahu ya matawi ambapo jamaa walifanya ibada zao. Ian Orchardson, Mwingereza aliyeishi miaka mingi na watu hao, alieleza desturi zao katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1961. Leo ukimwuliza kijana wa Bomet maana ya Kapkoros, aghalabu atakujibu kwamba ni kiwanda cha chai, na hatakosea, maana kiwanda cha jina hilo kipo na wakulima wengi hupeleka majani yao huko. Mimi husikia furaha ya ajabu kila nionapo jina hilo limeandikwa, kwa sababu fedha ya kununulia mchele wa sikukuu hutoka katika kiwanda chenye jina la mahali pa kushukuru.

Ama kuhusu fedha hiyo, pana jambo la kueleza. Mkulima mdogo wa chai huchuma majani mawili na tumba, hupeleka kikapu chake katika kituo cha kununulia, hupimiwa, naye hulipwa kidogo kila mwezi. Lakini malipo makubwa, ambayo watu wote huyaita bonasi, huja mara moja kwa mwaka, karibu na mwezi wa Oktoba, baada ya hesabu za mwaka uishao Juni kufungwa. Mpango huu ulikuzwa na shirika la KTDA, lililoanzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya wakulima wadogo na kugeuzwa kuwa kampuni yao wenyewe mwaka 2000. Bonasi nzuri huonekana mwezi wa Disemba kwa macho: mabati mapya juu ya nyumba, ndama mgeni zizini, sare za shule zilizonunuliwa mapema, na nguo za watoto ambazo zitavaliwa kwa mara ya kwanza kanisani asubuhi ya Krismasi. Bonasi mbaya nayo huonekana. Lakini nimeshuhudia mwaka ambao chai ilikuwa na bei ya kuliza watu, na hapakuwa na nyumba niliyoingia siku ile nisipewe kikombe cha mursik. Ng'ombe hakusoma hesabu za kiwanda.

Chapati nazo zina nasaba yake. Ziliingia bara pamoja na mafundi na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kujenga reli, ambayo ilipita Lumbwa, kaskazini mwa Kericho, na kufika ziwani Kisumu mwezi wa Disemba 1901. Wengi wao walirudi kwao, mkate wao ukabaki. Katika vijiji vya Bomet ulikuwa chakula cha nadra, kwa kuwa unga wa ngano ulinunuliwa na mafuta yalinunuliwa, na kwa ajili ya nadra hiyo ukawa alama ya sikukuu; mtoto aliyekula ugali wa wimbi na mboga ya mgagani mwaka mzima, mboga ambayo kwetu huitwa isagek na hupikwa ikatiwa maziwa, alihesabu siku kwa chapati. Usiku wa tarehe 24 jikoni huwa na wanawake watano au sita, mmoja akikanda, mmoja akikata matonge, mmoja akisukuma, mmoja akigeuza juu ya moto, na maneno yao yakienda mbele kuliko mikono. Na ndipo habari zote za mwaka husemwa, nani ameolewa, nani amefiwa, nani amepata kazi mjini akawasahau wazazi. Atakaye kuijua jamaa kwa kweli asikae sebuleni pamoja na wageni. Achukue kisu akaombe kumenya viazi.

Asubuhi wanaume hushughulika na mbuzi, ambaye labda alinunuliwa Mulot kwenye soko la mifugo, au alitoka Chepalungu kwa shemeji. Nyama haigawiwi ovyo: kuna kilicho cha wazee, kuna kilicho cha kina mama, na vijana wachomao hupata chao hapo hapo penye moto, kwa chumvi tu. Kisha watu huenda kanisani wamevaa vipya, watoto huigiza habari za wachungaji na mamajusi, na mtoto aliyewekwa kuwa mchungaji wa kondoo hapati shida kuigiza, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake ya kila likizo. Ndani ya nyumba limesimamishwa tawi la saiprasi, lililokatwa katika ua, limepambwa kwa puto na karatasi za rangi.

Chakula huliwa alasiri. Mzee huomba dua, na dua yake haiwi fupi, maana humtaja kila mmoja aliye mbali na kila mmoja aliyetangulia mbele ya haki. Halafu kabla ya sahani yo yote, kibuyu huletwa. Mwanamke hukitikisa kwa mikono miwili, polepole, ili mazito na mepesi yachanganyike, hukifungua, humimina kidogo akaonja mwenyewe, ndipo akawapa watu kwa taratibu ya umri. Nimewaona watu wazima, waliozoea maisha ya miji mikubwa, wakikipokea kikombe hicho kwa mikono miwili kama walivyofunzwa utotoni, na mazungumzo yakanyamaza. Ni maziwa hayo hayo ambayo Wakalenjin, jamii ambamo sisi Wakipsigis tumo, huwanywesha wanariadha wao pale uwanja wa ndege warudipo na medali. Ulimwengu umeyaona katika picha, lakini desturi ilikuwa ya mwana yeyote arudiye nyumbani, mwenye medali na asiye nayo.

Wala Krismasi haiji peke yake. Kwa kuwa shule zimefungwa na jamaa wote wamerudi, Disemba umekuwa ndio mwezi wa mambo makubwa. Vijana waliotiwa jandoni hutoka katika makao yao ya faragha, ambako zamani walikaa miezi mingi na sasa hukaa majuma machache kwa sababu ya kalenda ya shule. Na kutoka kwao ni karamu ya mtaa mzima. Katika siku hizo hizo hufanywa koito, mkutano wa posa, ambapo jamaa mbili huketi kukubaliana mahari, ng'ombe wakatajwa mmoja mmoja, na wakwe wakapakwa siagi kichwani kwa ishara ya baraka. Kwa hiyo mwanamke mwenye kijana aliyetoka jandoni na binti anayeposwa huhitaji vibuyu vingi kwa mpigo, naye huanza kuazima kwa dada zake tangu Novemba. Kuazima kibuyu si kama kuazima sufuria. Humwazimi mtu usiyemwamini, na kikirudi hakirudi kitupu.

Sitaki kuficha huzuni yangu. Mwezi wa Septemba 2011, huko Longisa katika Bomet, ulionekana kwa mara ya kwanza katika Kenya ule ugonjwa uuao mahindi tangu majani hadi gunzi, nao ukaenea nchini na baadaye katika nchi jirani. Watu waliozoea kula ugali wa shamba lao wakajikuta wakinunua unga dukani hata kwa sikukuu. Pigo lile lilionekana, likaandikwa, wataalamu wakaja. Lakini kuna jingine lijalo bila kelele: madumu ya plastiki yameingia mahali pa vibuyu, unga wa mkaa huuzwa tayari katika vikaratasi, na mursik ya mjini hugandishwa kwa siku mbili ikauzwa kwa chupa. Simlaumu anunuaye, kwa kuwa mwenye chumba kimoja katika mtaa wa Nairobi hana jiko la kuni wala mahali pa kupanda senetwet. Linaloniuma ni kwamba binti aliyepokea kikombe alasiri ile hakuwapo asubuhi ile ya moshi, tena hakuna aliyemwita. Sisi wanaume ndio wakosaji wa kwanza. Tumesifu mbuzi miaka yote, na kuhesabu bei yake mbele ya wageni, tusitaje hata mara moja majuma matatu ya mwanamke aliyekaa na kibuyu.

Mwaka jana nilifika mapema kwa makusudi, tarehe nne ya Disemba, nikiwa na binti yangu wa miaka kumi na mmoja. Gogo alikwisha kufariki zamani. Kibuyu chake, chenye mishono mitatu, kimo mikononi mwa shangazi yangu. Binti yangu alikibana baina ya magoti, shangazi akamshika mkono juu ya tawi, na moshi ulipopanda mtoto akafumba jicho moja, jicho lile lile la kushoto, bila kufundishwa na mtu. Akauliza kama imetosha. Shangazi hakujibu, alimwinulia kibuyu puani. Mtoto akanusa, akafikiri, akalirudisha tawi motoni.

Tulipoondoka baada ya Mwaka Mpya basi lilikuwa limejaa tena, safari hii mizigo ikiwa ni viazi, kabeji na chupa za maziwa zilizofungwa kwa nailoni. Shangazi alikwisha kukiosha kibuyu kwa sosiot na kukitundika juu ya moto, kinywa chini. Nje, penye kona ya ua, kisiki cha senetwet tuliyoikata kilikuwa kimetoa vichipukizi vinne.